Ugonjwa wa Kiwele

Katika nchi yetu ya Nzega ng'ombe ni akiba ya nyumba, na maziwa ni chakula cha watoto. Kwa hiyo kiwele kikiugua, hasara haimpati ng'ombe peke yake.

Wengi hungoja mpaka waone uvimbe, joto, na maziwa yenye mabonge au damu. Lakini mara nyingi ugonjwa huu hujificha: maziwa huonekana meupe, ila hupungua kidogo kidogo. Mwaka 1957 Schalm na Noorlander wa California walitangaza kipimo chepesi: maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa ya namna ya sabuni, nayo yakiwa mazito kama uteute, upande ule wa kiwele una ugonjwa. Asiye na kipimo hicho na akame matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi, atazame mabonge, ijapokuwa njia hii haifichui ugonjwa uliojificha.

Vijidudu husafiri kwa mikono ya mkamaji. Basi na anawe kwa sabuni, aanze na ng'ombe wazima, mgonjwa awe wa mwisho. Nimesikia watu wakibishana sana juu ya dawa, wala maji ya kunawa hayakutajwa!

Tena, ng'ombe akitiwa penisilini chuchuni, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka zitimie siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa. Kuyachemsha hakutoshi kuiondoa. Mwenye kuyatia kibuyuni huenda akaona hayagandi vema, maana dawa huua hata vijidudu vyema vigandishavyo maziwa.