Nesi wa Mama Mkwe
Mama mkwe alipopata kiharusi, ndugu walitaka dada wa kazi ndiye amuuguze. Eti kulipa nesi ni kumtupa mzazi. Jamani! Dada huyo huyo anapika, anafua, analea mtoto. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo atatoka vidonda mgongoni na makalioni. Kumlisha nako kuna utaalamu, asije akapaliwa.

Mimi na mume wangu tukatafuta nesi. Kabla ya kuongelea mshahara, tuliomba kuona leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kisha tukamuuliza mama: umempenda?

Wapenzi wasomaji, nesi hachukui nafasi ya mtoto. Kukaa na mama na kupiga naye stori bado ni kazi yetu.