Mkono wa Mwenye Nyumba

Nyumba hujengwa ili imhifadhi mtu, na hupambwa ili mtu aipende. Kazi ya kwanza ni haja na ya pili ni hiari. Lakini hiari hiyo ina nguvu, hata si rahisi kuona makao ya watu yaliyokosa pambo lolote. Aliye na mali hununua pambo lake dukani. Asiye na mali hulitafuta mkononi mwake, na aghalabu hulipata. Mithali husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; na aingiaye ndani hulakiwa na kazi ya mkono wa mwenye nyumba kabla hajalakiwa na mwenyewe.

Wilaya za Tarime na Serengeti, katika mkoa wa Mara, ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Tarime ni nchi ya milima na baridi, makao ya Wakurya, inayopakana na Kenya. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, huteremka kuelekea mbuga ya wanyama, na ndani yake wamo Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Watu hawa ni wakulima na wafugaji, na kwa hiyo mapambo yao ya kale yalitoka shambani na zizini.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya mviringo, ya miti na udongo, na paa lake lilikuwa la nyasi. Mwanamume alisimamisha nguzo na kufunga fito. Udongo ulikuwa kazi ya mwanamke. Alichimba udongo, akaukanda kwa miguu na maji, akakandika ukuta kwa kiganja, akauacha unywee. Tabaka la pili lilikuwa laini zaidi, likichanganywa na samadi ya ng'ombe ili ukuta usipasuke jua likiwaka. Hapo ndipo haja ilipokwisha na hiari ikaanza. Udongo ukiwa bado mbichi, vidole vyaweza kupita juu yake vikaacha mistari. Majivu au udongo mweupe hutia weupe, masizi hutia weusi, na udongo mwekundu hutia rangi iliyo kati. Mvua ilipofuta kazi ile, kiangazi kilimkuta mwanamke tena ukutani. Pambo la namna hii halikuwa na mwisho. Lilidumu kwa kuwa mkono ulirudi.

Ndani ya nyumba palitundikwa vibuyu. Kibuyu hakihitaji gharama, ila chahitaji subira. Hutobolewa shingoni kikiwa kimekauka, kikajazwa maji mpaka nyama yake ya ndani ioze. Kisha hutiwa changarawe na kutikiswa, kikamwagwa, kikaoshwa mara nyingi na kuanikwa. Kile cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha mti wenye moshi wa harufu nzuri. Kikipata ufa, hakitupwi. Hushonwa kwa uzi mgumu, na mshono ule ukawa pambo ambalo kibuyu kizima hakina. Ni funzo dogo lakini la thamani: mkono uliozoea kutengeneza hauoni haya kwa kiraka, maana kiraka kizuri hushuhudia kwamba kitu kilipendwa.

Yafaa kuuliza kwa nini mwanamke wa nchi hii alijitaabisha hivyo kwa ukuta. Jibu moja limo katika neno nyumba lenyewe. Kwa desturi ya Wakurya, nyumba si kuta na paa tu. Ni mama pamoja na watoto wake. Mume mwenye wake wengi alikuwa na nyumba nyingi, na ng'ombe waligawiwa kwa hesabu ya nyumba, wakarithiwa na wana wa nyumba ile. Jambo hili lina uzito, hata mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza kumtolea mahari msichana ili watoto wake waihesabu nyumba ile kuwa yao. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu, na haijatoweka. Lakini ardhi na ng'ombe viliamuliwa na wanaume. Mwanamke aliitwa kwa jina la nyumba, wala hakuwa na sauti kubwa juu ya ardhi iliyoibeba. Basi ukuta ulikuwa mahali ambapo aliweza kuamua peke yake. Mstari wa kidole chake ulisema kwamba nyumba hii ina mtu.

Katika miaka ya 1950 pambo jipya lilienea Tanganyika. Shule za misheni na vilabu vya wanawake vilifundisha kushona, kufuma na kudarizi. Na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, ulirithi mengi ya mafunzo hayo. Kitambaa cha kufuma kikapata makao katika nyumba nyingi. Zana yake ni sindano moja yenye kulabu na kibonge cha uzi. Kazi huanza katikati kwa kipete kidogo, kisha huzunguka, kila mzunguko ukihesabiwa ili usipungue wala usizidi. Asiyehesabu hupata kitambaa kilichojikunja kama jani lililokauka. Msichana aliyefundishwa vema hujifunza hesabu na uvumilivu kwa wakati mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na tundu na tundu hufunika meza.

Wako waliodharau kitambaa hiki wakasema ni jambo la kigeni na upotevu wa wakati. Mambo ya mwaka 1974 yaweza kuwajibu. Mwaka huo watu wa mkoa wa Mara, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamishwa kutoka makao yaliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji. Ukuta haubebwi. Kazi ya viangazi vingi iliachwa nyuma ikanyeshewa mvua, na mkandikaji akaanza tena penye kiwanja kitupu. Lakini kibuyu hutundikwa begani, na kitambaa hukunjwa kikaingia katika kikapu. Pambo linalobebeka humfuata mtu, na mtu aliyelazimika kuhama hukitandika kitambaa chake mahali papya, akapaita kwake mapema kidogo kuliko yule aliyefika mikono mitupu.

Tangu hapo nyumba zenyewe zimebadilika. Matofali ya kuchoma yameingia badala ya fito, bati badala ya nyasi, na saruji badala ya samadi. Mabadiliko haya ni mema, kwani bati halivuji kama nyasi kuukuu, na sakafu ya saruji hufagiliwa kwa urahisi. Walakini ukuta wa saruji umeleta fundi, na fundi aghalabu ni mwanamume mwenye mwiko wake. Mwanamke aliyekuwa bwana wa ukuta amekuwa mtazamaji. Sanaa yake haikufa. Imehama kutoka ukutani ikaingia sebuleni. Imo katika vitambaa vya makochi, katika mapazia yaliyoungwa kwa vipande vya kitenge vilivyosalia kwa fundi cherehani, katika mfuko wa salfeti uliofuliwa na kudariziwa kwa nyuzi za rangi mpaka ukawa zulia la mlangoni, na katika kibuyu cha bibi kilichoacha maziwa kikapokea maua.

Mshindani wake mkubwa ni pambo la dukani. Ua la plastiki halinyauki na bei yake si kubwa, na mwenye kazi nyingi asilaumiwe akilinunua. Lakini nyumba mia zaweza kununua ua lile lile, na hakuna hata moja itakayoweza kusema ni lake kwa maana kamili ya neno hilo. Kitambaa kilichokosewa tundu moja pembeni ni cha nyumba moja tu duniani.

Manufaa ya kazi hii huonekana zaidi kwa yule asiye na nyumba. Katika wilaya hizi wapo wasichana wanaotoroka makwao, hasa mwezi wa Desemba, kwa kuhofia kukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kitendo hicho kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Mjini Mugumu iko nyumba salama ya shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, inayowapokea wasichana wa namna hii, na ushonaji ni mojawapo ya mafunzo wanayopewa. Mtu aweza kuuliza sindano itamfaa nini aliyepoteza baba, mama na ndugu kwa usiku mmoja. Itamfaa kwa riziki, kwa kuwa mshonaji hupata wateja popote penye madirisha. Itamfaa pia kwa jambo jingine: kitanda alichopewa na watu asiowajua, siku atakapokitandika shuka aliyoipindia mwenyewe, kitakuwa kimeanza kuwa chake.

Pambo lina mipaka yake vilevile. Halifuniki uchafu, halishibishi mtoto, wala halimpi mwanamke haki aliyonyimwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatambua kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na hati ya kimila yaweza kuandikwa kwa jina lake. Hati hiyo ina nguvu ambayo kitambaa hakina, na anayempenda mama yake au mkewe asimsifie ufumaji huku akimficha hati. Vitu viwili hivi havigombani. Kimoja husema mbele ya baraza kwamba mahali hapa ni pa fulani. Kingine husema hivyo mbele ya mgeni anayekunywa chai. Mwanamke aliyekandika ukuta kila kiangazi alikuwa akiyasema yote mawili kwa udongo, kwa sababu hakuwa na karatasi. Sasa karatasi ipo. Na ikunjwe vizuri, iwekwe ndani ya kibuyu kikavu, na kibuyu kitundikwe pale ambapo mkono wake utakifikia.