Chura Asiye na Kiluwiluwi

Shuleni kule Mbeya tulikariri kama kasuku: yai, kiluwiluwi, chura. Mwalimu alichota viluwiluwi mtoni akawatia kwenye kopo, nasi tukaona miguu ya nyuma ikichomoza na mkia ukinywea siku hadi siku. Kwa vyura wengi alisema kweli.

Lakini huko mlima Rungwe, na Udzungwa upande wa Iringa, wako vyura wadogo ambao viluwiluwi wao hawaonwi na mtu. Mayai hubaki tumboni mwa mama. Humo hugeuka, na azaliwaye ni chura, mdogo kama punje. (Ningempelekea mwalimu yule habari hii, angefurahi.)

Mmoja wao, chura wa Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo. Ni wa manjano, hafiki sentimita 3. Mitambo ya umeme ilipoyachukua maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa Marekani. 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa korongoni, ambako manyunyu sasa hutoka kwenye mabomba.

Umeme siulaumu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa usiku, na taa ya wodi ilikuwa inawaka. Ila namfikiria mama yule wa Kihansi. Chura mwingine huacha mayai mamia majini akaenda zake. Yeye watoto wake wachache anao tumboni, na akikaukiwa, wanakauka pamoja naye.