Gunia la Machi

Mpaka natimiza miaka 44 sikuwahi kuvuka Makambako. Nilifika pale mara mbili kuuza maharage, nikageuza. Novemba 2022, mdogo wangu alipopiga simu kusema anahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ana kadi mbili za mwaliko kwa ajili ya wazazi, sikuhitaji kuuliza ya pili ni ya nani. Baba tulimzika mwaka 2014. Nilimwambia Mama afunge mzigo.

Mama akafunga kweli. Dagaa wa Ziwa Nyasa, unga wa ulezi, maharage, mkungu wa ndizi ulioanza kunukia kabla hatujafika hata Songea, na jogoo mmoja mwekundu. Konda alisema jogoo alipe nauli. Mama akamjibu kwamba jogoo hana kiti. Ubishi huo ulitufikisha Dar es Salaam ukiwa haujaisha.

Sisi ni watu wa Mbinga, kwa Wamatengo, ambako watu hulima mashimo ya ngoro kwenye miteremko ambayo mgeni hawezi hata kusimama wima. Fedha yetu ni kahawa. Basi la Dar huondoka Songea alfajiri, hivyo tulilala kwa binamu yetu na saa 10 usiku tulikwisha kuwa stendi. Tuliambiwa tungeondoka saa 11. Tuliondoka saa 12 na nusu, baada ya kumsubiri mtu mmoja aliyekuwa ananunua vocha.

Kona za Lukumburu Mama alizipita na rozari mkononi, macho ameyafumba. Njombe tulishuka kunywa chai, baridi ikatuchapa mpaka masikioni. Makambako nilichungulia dirishani kuangalia soko ninalolijua, kisha basi likakunja kulia, likaingia barabara kuu itokayo Mbeya. Kuanzia hapo kila mti ulikuwa mpya kwangu.

Mafinga ndipo tulipopata mwenzetu. Kijana wa miaka 25 hivi alipanda na begi mgongoni, akaketi kiti cha ng'ambo ya njia.

“Shikamoo mama. Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mwanangu,” Mama akamjibu, na kabla hajaulizwa akamweleza kwamba tunakwenda kwenye mahafali, kwamba binti yake amesomea ualimu, na kwamba kitenge kile pale kwenye mfuko ndicho atakachovaa.

Kijana alitabasamu. “Hongera sana, mama. Mimi na mahafali tulipishana. Nilidisko mwaka wa pili.”

Mama akamtazama kwa huruma. “Kumbe ulikuwa mpiga muziki?”

Viti vya mbele na nyuma vilicheka. Yeye mwenyewe alicheka zaidi ya wote, ndipo akatufundisha lugha ya chuo. Ukifeli somo unafanya mtihani wa marudio, hiyo ndiyo sapu. Sapu ikikushinda, somo hilo unalibeba mwaka unaofuata, wao husema umekeri. Yakizidi, au wastani wako ukishuka chini ya kiwango, chuo kinakuondoa. Umedisko. Na posho ya kula na kulala inayotoka kwenye mkopo huitwa bumu. Siku za bumu, alisema, hata mtu asiyekujua anakusalimia.

Nilidhani alifeli kwa sababu ya starehe za bumu, na kwa ujinga wangu nikamwambia hivyo. Hakukasirika.

“Kaka, mimi mkopo nilipata, ila si wote. Ada iliyobaki ilikuwa juu ya mzee. Muhula wa kwanza tulilipa vizuri tu. Wa pili unaanza Machi. Sisi ni watu wa Ludewa, tunalima mahindi. Wewe Machi huijui?”

Naijua. Kusini kule Machi ni mwezi wa maboga. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu hayajakomaa, na aliye na debe moja ghalani hufunga mlango anapopika. Kijana hakulipa, kwa hiyo hakusajiliwa. Kwa kuwa hakusajiliwa, majaribio mawili yalimpita. Fedha ilipopatikana Mei, alikwenda kwenye mitihani ya mwisho akiwa na alama za nusu ya kazi. Sapu nne. Siku moja kabla ya sapu alikuwa bado Ludewa anatafuta nauli. Chuo chenyewe hakukitaja, nami sikumdadisi. Sasa anauza vifaa vya simu Kariakoo, na Mafinga alikuwa amekwenda kudai deni.

Alipolala nikabaki na hesabu yangu mwenyewe. Zamani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu serikali ilimlipia kila kitu. Waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi 2005. Mdogo wangu alianza 2019. Alipewa sehemu ya ada na posho ya shilingi 8,500 kwa siku, inayotolewa kwa mafungu ya miezi miwili miwili. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu, na mwanzo haikututisha. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na vyuo hufunguliwa karibu na Novemba, watu wakiwa na fedha mkononi. Tena kumsindikiza mtoto chuoni ni sherehe. Jumuiya ya kanisani ilichanga, wajomba walichanga, hata mwenye mashine ya kukoboa alitoa.

Machi 2020 nilipita kwa wajomba wale wale. Mmoja alinipa maboga.

Nikauza nguruwe wawili, hawakutosha. Nilikuwa naangalia wa tatu, aliyekuwa na mimba, redio ilipotangaza kwamba vyuo vyote vinafungwa kwa sababu ya korona. Mdogo wangu akarudi nyumbani na sanduku lake. Vyuo vilifunguliwa tena Juni mosi, na Mungu atusamehe, kwetu ugonjwa ule ulikuwa miezi miwili ya kupumua. Nguruwe alizaa, mahindi yakakauka, ada ikapatikana. Mwaka uliofuata Mama hakungoja ugonjwa mwingine. Wakati wa mavuno alifunga magunia manne ya mahindi, akayapandisha darini, akasema atakayeyagusa atamjua. Yalishuka Machi, na Machi bei ya mahindi huwa imepanda sana kuliko ya Julai. Mdogo wangu alisajiliwa siku ya kwanza.

Tofauti ya mdogo wangu na kijana aliyekuwa amelala mdomo wazi ng'ambo ya njia haikuwa akili. Cheti chake cha kidato cha sita, alichotuonyesha kwenye simu, ni kizuri kuliko cha mdogo wangu.

Tulishuka Kitonga polepole, nyuma ya lori la shaba. Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu waliliparamia basi kama nyuki. Mikumi Mama alihesabu twiga saba akanilaumu kwa kutomwonyesha simba. Mimi nilikuwa nahesabu vibao vya vyuo tangu Iringa. Karibu na Morogoro kuna Mzumbe, halafu mjini Sokoine, chuo cha kilimo kilichopewa mwaka 1984 jina la waziri mkuu aliyefia karibu na mji huo. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Leo vibao vimejaa barabarani. Hata hivyo, wanaoingia elimu ya juu bado hawafiki kijana 1 kati ya 10.

Stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, tulifika saa 3 usiku. Joto lilinikaba kama shuka bichi. Mdogo wangu alitukimbilia akamnyanyua Mama na kikapu chake. Kijana alitubebea mzigo mpaka nje, akaandika namba yake kwenye kiganja changu, akatokomea kwenye daladala. Konda hakumsahau jogoo. Nililipa 2,000 ili tulale.

Mahafali yenyewe nisiyatie chumvi. Kulikuwa na watu wengi, maua ya plastiki, wapiga picha wanaokushika mkono. Wahitimu wa shahada ya kwanza hawakuitwa mmoja mmoja. Kundi zima lilisimama, likatunukiwa, likavaa kofia. Mama alikuwa amejiandaa kupiga kigelegele jina litakapotajwa. Akabaki na pumzi kifuani.

“Mbona hawajamtaja?”

“Wametunukiwa wote kwa pamoja, Mama.”

Nikafungua kitabu cha wahitimu, nikalitafuta jina, nikaweka kidole. Akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha kigelegele kikatoka kwa kuchelewa, wenzetu wakiwa wamekwisha kuketi.

Jioni mdogo wangu alitutembeza Mlimani. Alisema chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, kikahamia kilimani mwaka 1964. Tulipofika mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, Mama alifungua fundo la khanga akatoa noti chakavu ya 500, ile ya karatasi. Nyuma ya noti kuna picha ya ukumbi huo huo na wahitimu wenye majoho. Aliinua noti, akaangalia jengo, akaangalia noti.

“Mwaka wa kwanza chumbani mlikuwa wangapi?” nikamuuliza mdogo wangu.

“Wanne wenye vitanda, na wawili tuliokuwa tunawabeba kwenye vitanda vyetu.”

“Waliohitimu?”

Alihesabu kwa vidole. “Watatu. Mmoja anamalizia mwakani. Wawili walirudi nyumbani.”

Nami nikamuuliza walirudi mwezi gani. Alifikiri kidogo.

“Mmoja sikumbuki. Mwingine Machi.”

Mdogo wangu sasa anafundisha kwa kujitolea shule ya sekondari ya kata, akisubiri ajira. Akiipata, asilimia 15 ya mshahara wake itakwenda kulipa mkopo. Yule kijana nilimpigia simu. Anataka kuanza upya Chuo Kikuu Huria, aendelee na biashara huku akisoma. Mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha sita, na magunia yake yapo darini tayari. Nawe msomaji, kama wako anakwenda chuo mwaka huu, michango ya kumsindikiza utaipata. La Machi lifunge mwenyewe, Julai.