Pindo la Upinde

Wapenzi wa lugha, leo nawaletea kitenzi kimoja, kupinda, pamoja na watoto wake wawili. Kupinda ni kukifanya kitu kilichonyooka kiwe na mzingo. Tena ni kukunja ukingo wa nguo na kuushona ili usifumuke. Maana ya kwanza imetuzalia upinde, ule wa mwindaji na ule wa mvua. Maana ya pili imetuzalia upindo, na pindo, ambalo kila avaaye kanga analifahamu, kwani kanga ina pindo lake, mji wake na jina lake.

Nimeyatumia maneno haya miaka mingi bila kuyatazama kama ndugu. Aliyenikutanishia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa hapahapa Mlola na sasa anaishi Toronto, nchini Kanada. Mwishoni mwa Juni mwaka mmoja alinitumia picha. Barabara pana imejaa watu, na katikati yao kimetandazwa kitambaa kirefu kisichoonekana mwisho, chenye mistari ya rangi za upinde wa mvua. Watu wamekishika pande zote mbili. Mpwa wangu ni wa tatu upande wa kushoto, amelikamata pindo kwa mikono miwili, anacheka. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo, Mjomba. Wewe ndiye mwenye maneno katika ukoo wetu. Nataka kumwambia mama mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Nimwambie kwa neno gani?"

Sikumjibu siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilifanya ninachokijua: nilianza kuyapekua maneno.

Nilianza na bendera, neno tulilopewa na Wareno. Katika lugha yetu bendera hupandishwa, hushushwa, hupepea, na aliye kigeugeu tunamwita bendera fuata upepo. Vitenzi hivi vyote vinadai mlingoti. Bendera ya pichani haina mlingoti, nayo haipepei, bali inatembezwa ikiwa imelala. Nilipomuuliza mpwa wangu kazi yenyewe ikoje, alinijibu kwa mfano ambao mtu wa Mlola hahitaji kufafanuliwa: "Ni kama turubai la lori la mboga, Mjomba, mvua inapokaribia." Hapo nilielewa. Turubai hilo hushikwa na wengi, kila mmoja na ncha yake. Mmoja akilegeza, upepo unaingia chini na wote wanayumba. Bendera ya namna hii haiwezi kufuata upepo, kwa kuwa kazi ya wanaoishika ni kuuzuia upepo usiichukue. Tena aliyeishika haioni nzima. Anaona rangi iliyo mbele yake na mikono ya jirani.

Historia yake ni ya mafundi cherehani. Bendera hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1978 mjini San Francisco, Marekani. Aliyeibuni ni Gilbert Baker, mzaliwa wa Kansas, aliyejifunza kushona baada ya kutoka jeshini. Yeye na wenzake, akiwamo Lynn Segerblom, pamoja na vijana wa kujitolea wapatao 30, walitia vitambaa rangi kwa mikono yao na kuvishona. Rangi zilikuwa 8. Ya waridi iliondolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu madukani. Mwaka 1979 ikaondolewa na ya feruzi, zikabaki 6. Mwaka 1994 Baker alitengeneza bendera yenye urefu wa maili moja, ikabebwa na maelfu ya watu katika barabara za New York, miaka 25 baada ya ghasia za Stonewall. Mwaka 2003, huko Key West, Florida, akatengeneza nyingine ya maili moja na robo, ikatandazwa kisiwani kutoka Ghuba ya Mexico hadi bahari ya Atlantiki. Baada ya hapo ilikatwa vipande, vikapelekwa miji mbalimbali duniani. Baker alifariki mwaka 2017.

Nikazihesabu rangi 6 zilizosalia kwa Kiswahili. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye mizizi yao wenyewe: -eupe, -eusi na -ekundu. Katika bendera hii ni mstari mmoja tu, ule mwekundu, wenye neno la namna hiyo. Zilizobaki tunaziita kwa kuazima vitu. Chungwa ni tunda. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani kimetoka kwenye jani. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Zambarau ni tunda la mzambarau. Mswahili akiitaja bendera hii mstari kwa mstari, anataja shamba, jiko na anga. Baker naye alikuwa ameipa kila rangi maana yake: nyekundu uhai, chungwa uponyaji, manjano mwanga wa jua, kijani maumbile, na zambarau roho. Nilishangaa kuona kwamba majina yetu, ambayo hayakutungwa kwa ajili yake, hayapo mbali naye.

Kisha nikalifikia neno la maandamano yenyewe, ambalo wengi hulitafsiri kuwa fahari. Wapo wanaolikataa wakisema kwamba hicho ni kiburi. Tuyapime maneno haya. Kiburi ni kujiona mkubwa kuliko mwenzako, na kinyume chake ni unyenyekevu. Fahari ni utukufu au heshima ambayo mtu huionea furaha, na kinyume chake ni aibu. Asiyewahi kufundishwa kujionea aibu hana haja ya maandamano ya fahari, wala hayamhusu. Aliyefundishwa aibu tangu utotoni, hata akajua kuinamisha macho sokoni, huyo ndiye mwenye haja nayo. Ninajua pia kwamba fahari ni ng'ombe dume, na kwamba fahari wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo ni ya ng'ombe. Binadamu hukaa zizi moja kila siku.

Mtihani mkubwa ulikuwa jina la mtu mwenyewe. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa karibu, neno la uani na la barazani. Mdomoni mwa mwingine neno hilohilo ni jiwe. Hanithi limebeba laana. Mengine siyaandiki hapa. "Mpenzi wa jinsia moja" ni maneno ya ofisini, hayana joto la mtu kuzungumza na mama yake. Waganda wanaohusika wamejipatia neno lao, kuchu, wakaitana kwalo. Sisi tulio na utenzi, wimbo na shairi hatuna jina ambalo mtoto anaweza kulitamka mbele ya mzazi wake bila ya kujitukana.

Na kutamka kwenyewe si jambo jepesi. Kwetu Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, na tangu msimu huo nimemsikia mzazi katika hafla ya mashairi ya watoto akitaka upinde wa mvua ufutwe kwenye bango. Uganda, watu wachache waliandamana kwa mara ya kwanza Agosti 2012 katika bustani ya mimea ya Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Nyanza. Polisi wakafika, baadhi yao wakakamatwa kwa muda. Mwaka 2016 polisi walivamia hafla yao Kampala, na mwaka 2023 ikaja sheria yenye hadi adhabu ya kifo. Juni 2018 wakimbizi katika kambi ya Kakuma, Kenya, wengi wao waliokimbia Uganda, waliandamana humo humo kambini, kisha wakaandamwa na vitisho. Tazameni kitenzi: kuandama ni kufuata, na kuandamana ni kufuatana. Tofauti ya anayesindikizwa na anayewindwa imo katika silabi moja.

Katika kupekua huko ndipo nilipoona kitu ambacho Kiswahili kilikuwa kimemfanyia mpwa wangu bila ya mimi kujua. Lugha yetu haitofautishi mume na mke katika "yeye", wala katika "mpenzi", wala katika "mwenzangu". Kwa miaka minne alikuwa akimwambia mama yake kwenye simu, "Mwenzangu anakusalimu." Dada yangu alizipokea salamu hizo na kurudisha zake. Mwana hakusema uongo hata mara moja. Lugha ilimsitiri, kama inavyowasitiri watunzi wa mahaba tangu zamani, ambao hatujui hadi leo waliwaimbia akina nani. Sasa alitaka kutoka ndani ya sitara hiyo, naye alidhani kwamba anahitaji nomino.

Nikamwandikia kwamba hahitaji nomino. Nomino zote zilizopo zimeshikwa na watu wengine. Kitenzi bado ni chake. Nikamwambia aseme anachokifanya: anampenda nani, anaishi naye vipi, ameshika nini katika ile picha. Akampigia mama yake Jumapili moja jioni. Akasema, "Mama, mwenzangu ni mwanamume. Ninampenda." Kwa maelezo yake, kilipita kimya kirefu hata akadhani simu imekatika. Kisha dada yangu akauliza, "Ndiye aliyekuwa akinisalimu?" Akajibu kwamba ndiye. Dada akasema, "Salamu zake nilizipokea. Mengine niache kwanza."

Hadi ninapoandika haya, mengine bado yameachwa. Dada hajalizungumza na mimi, nami sijamlazimisha. Tunakutana, tunaulizana hali za mahindi na maharage, tunaagana. Jina la mpwa wangu silitaji, na mnajua sababu.

Sisi tuishio Usambara tunaujua upinde wa mvua kwa karibu. Hapa mvua hunyesha upande mmoja wa bonde huku jua likiwaka upande wa pili, na mtu akisimama juu anaweza kuuona upinde ukiwa chini ya miguu yake. Wataalamu wa mwanga wanasema kwamba hakuna watu wawili wanaouona upinde uleule: kila jicho lina wake, kulingana na mahali liliposimama. Kwa hiyo hakuna awezaye kuumiliki, wala awezaye kumnyang'anya mwingine. Nimetunga ubeti mmoja juu ya jambo hili:

Upinde u mlimani, mawingu yameanuka,
Ni za nani duniani, rangi zilizojipaka?
Wa juu na wa bondeni, shingo zao huinuka,
Haufungwi sandukuni, wala mtu kuuteka.

Ubeti mmoja si shairi. Wenye mizani waongeze ya kwao, na kibwagizo ninawaachia. Aidha, lile pengo la jina bado lipo. Mwenye neno la Kiswahili, la pwani au la bara, la kale au jipya, ambalo mtoto anaweza kulisema mbele ya mama yake pasipo kuinamisha macho, na alilete.