Rangi Zinazolistahimili Jua la Mabwerebwere

Ikifika saa sita mchana Mabwerebwere, jua husimama utosini na vivuli hujikunyata chini ya miguu ya wenyewe. Saa hiyo rangi dhaifu zote hufa. Kijivu kilichopauka, waridi hafifu, krimu juu ya nyeupe, yaani rangi zile ambazo sisi wabunifu wa michoro wa mjini tunazipenda kwa jinsi zinavyotulia kwenye kioo cha kompyuta, huku hazionekani kabisa. Zinazobaki ni nyekundu ya kibanda cha wakala, buluu ya mlango wa mbao, njano ya dumu la maji na weusi wa udongo wa mbuga. Mimi kazi yangu ni kubuni nembo, mabango na vifungashio Dar es Salaam, na sijapata mahali panaponionyesha waziwazi kama hapa ni mchoro upi unafanya kazi na upi umejipamba tu.

Mabwerebwere ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Kutoka Dar njia tamu siku hizi ni treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Shuka Kilosa, mji ambao reli ya kwanza, ile ya Wajerumani, iliufikia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia hapo panda bodaboda. Sisemi hivyo kwa kuokoa nauli. Juu ya bodaboda unauona ulimwengu kwa kimo cha macho ya watu wanaouishi, na mabango unayapata kwa umbali na mwendo uleule ambao wenyeji huyasomea. Milima ya Rubeho na Ukaguru inabaki upande wa machweo, na tambarare ya Mkata inafunguka upande wa pili, bapa, pana, haina kona ya kujificha. Kitu chochote kilichosimama wima kinaonekana kutoka mbali: mbuyu, nguzo, bendera, mtu aliyejifunga kanga.

Nianze na kanga, maana hiyo ndiyo bango la kwanza utakalokutana nalo njiani. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Mbunifu aliyeufikia mpangilio huo alimaliza tatizo ambalo sisi tunahangaika nalo kila siku, la jicho kujua liingilie wapi na lipumzike wapi. Mwanamke akitembea kwenye ukingo wa shamba, mita mia mbili kutoka ulipo, pindo linakuambia kwamba ile ni kanga. Akikaribia, mji unakuambia ni kanga ipi. Akishafika karibu kabisa ndipo jina linaposomeka, na hapo tena ujumbe ni wa aliye karibu, si wa barabara nzima. Umbali wa aina tatu, habari za aina tatu, kitambaa kimoja. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kazi ambako mteja alitaka mambo yote matatu yaonekane kwa pamoja na kwa ukubwa uleule, nami nikatamani ningekuwa na kanga mkononi.

Kwenye maduka, rangi inasomwa kabla ya herufi. Mama anayekuja kutoa pesa aliyotumiwa na mwanawe haanzi kusoma. Anatafuta rangi ya kibanda au ya mwavuli. Ugumu ni kwamba Vodacom na Airtel wote wawili wamejichagulia nyekundu, kwa hiyo ndani ya nyekundu hiyo ni lazima umbo la nembo lifanye kazi ya kutofautisha. Mwishoni mwa 2024 Tigo walipobadili jina wakawa Yas, kuta za nchi nzima zilianza kupakwa upya. Kabla yao Celtel iligeuka kuwa Zain, kisha Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Mtu anayetaka kuandika historia ya mawasiliano ya Tanzania anaweza kuanza kwa kukwangua ukuta wa kibanda kimoja cha kijijini, tabaka moja baada ya jingine. Kuta hizo nazipenda hasa pale rangi mpya inapoanza kubanduka na ya zamani kuchungulia. Hakuna programu inayoweza kuiga hilo vizuri, ingawa zinajaribu.

Kisha wapo mafundi wa kuandika mabango kwa mkono, na hapa naomba nikae kidogo. Fundi huanza kwa kamba iliyopakwa chaki: anaivuta, anaiachia, ukutani unabaki mstari mweupe ulionyooka. Juu ya mstari huo anapanga herufi kwa jicho. Tazama jinsi anavyolitatua DUKA LA DAWA MUHIMU kwenye ukuta mfupi. Maneno ni manne, na hayalingani kwa urefu wala kwa uzito. Fundi mzuri huandika DUKA LA kwa herufi ndogo juu, DAWA anaipa ukuta mzima, MUHIMU anaibana chini bila kuikata. Mgonjwa anahitaji kuiona DAWA. Mengine yanaweza kusubiri. Akimaliza herufi, anaweka kivuli cheusi upande wa kulia na chini, si kwa urembo, bali kwa sababu jua la mchana likipiga ukuta mweupe, herufi isiyo na kivuli hutafunwa na mwanga. Halafu anavuka barabara, anasimama upande wa pili na kutazama. Anarudi, anaongeza unene wa mguu mmoja wa herufi, anavuka tena. Safari hizo za kuvuka barabara ndizo zinazomtofautisha na wengi wetu, ambao tunalipima bango la mita sita kwenye kioo cha simu tukiwa tumekaa.

Rangi zake ni chache, kwa kuwa kila kopo la rangi ya mafuta lina bei yake. Uchache huo ni neema. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za madukani na vipande vya hadibodi, vitu vya bei nafuu, na kwa miaka michache tu aliyoishi baada ya hapo, hadi 1972, aliacha mtindo unaotambulika duniani kote. Sidhani kama angeufikia kwa makopo mia. Mchoraji mwenye rangi nne analazimika kuamua; mwenye rangi milioni anaweza kuahirisha uamuzi mpaka mteja achoke.

Kwa wafugaji nilijifunza juu ya nembo. Kilosa ni nyumbani kwa Waparakuyo wa miaka mingi, na wapo pia Wabarbaig na Wasukuma waliofuata malisho. Magazeti huijua wilaya hii kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, na machungu yake ni ya kweli, watu wamekufa. Ndiyo maana alama ya umiliki si jambo la mzaha hapa. Chapa ya moto kwenye paja la ng’ombe lazima iwe na mistari michache iliyoachana vya kutosha, la sivyo ngozi ikipona mistari huungana na kubaki kovu lisilosomeka. Lazima isomeke ng’ombe akiwa anatembea, akiwa na vumbi, akiwa amechanganyika na wengine. Tangu 2010 nchi ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, lakini busara ya mistari michache ni ya kale kuliko sheria yoyote. Nikiletewa nembo yenye twiga, mlima, jua, jembe na mikono miwili inayosalimiana, siku hizi nauliza swali moja: ukiichoma kwenye ngozi, itabaki nini?

Wanawake wa Kiparakuyo nao, kwa shanga zao, wana nidhamu ya rangi ambayo ningeweza kuitazama siku nzima. Nyeupe haiachwi kukaa ovyo. Inawekwa katikati ya rangi mbili kali ili zisigombane.

Lakini kilichouteka moyo wangu kabisa ni mkeka wa ukindu. Nilimpa shikamoo bibi mmoja aliyekuwa akisuka barazani, akaniitikia marahaba na kunisogezea kigoda, nikakaa. Ukindu huchanwa, huanikwa, hupikwa na rangi, kisha husukwa kuwa shupatu, ule utepe mrefu unaozungushwa kama gurudumu kadiri unavyokua. Baadaye mashupatu hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka upate upana. Ugumu wote uko kwenye mshono: nakshi ya shupatu moja sharti ikutane na ya jirani yake. Bibi hana mchoro wowote mbele yake. Anahesabu. Akikosea chane moja mwanzoni, pembe nne zote zitakuwa zimesogea mwishoni. Vyuoni tunafundishwa mpangilio wa miraba kwa kumsoma Josef Müller-Brockmann wa Zürich, aliyetoa kitabu chake maarufu juu ya gridi mwaka 1981, na namheshimu sana kwa usafi wa kazi yake. Hata hivyo ningefurahi kama kijana wa Kitanzania angekaa kwanza barazani akajifunza kuhesabu chane, halafu ndipo akifungue kitabu hicho. Angekikuta kinazungumza jambo analolijua tayari vidoleni.

Na mashamba! Upande huu wa Kilosa mpunga unabadili sura ya nchi kila mwezi. Kitalu kina kijani cha kung’aa ambacho nimeshindwa kukipata kwenye wino wa kiwanda chochote. Ukishapandikizwa kijani hicho kinazama kuelekea buluu, kisha njano inaingia kutokea kwenye masuke kushuka chini, mpaka Mei na Juni shamba lote linapokuwa rangi ya dhahabu chafu, na yangeyange weupe wanatembea humo. Juu ya masuke wenye mashamba hutandaza kanda za kaseti za zamani kufukuza kweleakwelea. Upepo ukipita, kanda zinavuma na kumetameta kwa pamoja. Zimewekwa hapo kwa ajili ya macho ya ndege, na ndege wanazielewa.

Wenzangu wengi huanza kazi asubuhi kwa kufungua Pinterest kutafuta msukumo, na ndiyo sababu matangazo ya mkahawa wa Mwenge, wa Nairobi na wa Lisbon yamefanana. Siwazuii. Nasema tu kwamba nauli ya Kilosa ni ndogo, na daftari na penseli havihitaji bando. Nendeni msimu wa mavuno. Amkeni kabla ya saa moja, pumzikeni mchana, tokeni tena saa kumi na moja jioni mwanga unapolala na kila tofali la kuchoma linapata rangi yake. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu au mkeka wake, na mkeka mkiupenda, ununueni kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

Mwenye muda asirudi kwa treni. Aendelee kusini hadi Mikumi, kwenye hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza katikati ya wanyama kwa kilomita zipatazo 50. Kuna vibao pale vinavyomwonya dereva, na kuna kibao kinachopanga wanyama kwa picha, kila mmoja na faini atakayolipa anayemgonga. Twiga, tembo, nyati, pundamilia. Mnyama, kiasi, basi. Hakuna sentensi ya kubembeleza. Kibao hicho nakihesabu miongoni mwa kazi bora za michoro nchini, na ningependa kila chuo kinachofundisha fani hii, kuanzia TaSUBa ya Bagamoyo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilete basi la wanafunzi wakitazame wakiwa mwendoni, baada ya kulala usiku mmoja Mabwerebwere.