Baa ya bendi Jumapili: Wenyeji huwahi meza za nyuma

Saa kumi jioni ya Jumapili, wapiga vyombo bado wanaunganisha nyaya na fundi mitambo anahesabu "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni. Lakini katika baa hii ya wazi ya Temeke, jijini Dar es Salaam, meza za nyuma zimekwisha kujaa. Za mbele, zile zilizo hatua chache kutoka kwenye spika, ziko tupu. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hudhani amebahatika. Anavuta kiti, anakaa, anaagiza. Baada ya nusu saa ndipo anapojua kwa nini wenyeji walimwachia.

Baa yenyewe haina ajabu kwa mtu aliyeuzoea mji. Ni ua mpana uliozungushiwa ukuta, nusu zege na nusu changarawe, wenye miembe mitatu, viti vya plastiki vyenye nembo za kampuni za bia na jukwaa lililoezekwa bati. Kulia kuna jiko la nyama, ambalo moshi wake unafika hadi kituo cha daladala na kufanya kazi ya mpiga debe. Kushoto, karibu na jukwaa, linajazwa upepo lile puto kubwa la watoto kurukia, ambalo huletwa mchana likiwa limekunjwa nyuma ya guta. Getini kuna kibao kinachosema hapa ni bustani ya familia.

Na kweli familia zinakuja. Baba aliyevaa jezi, mama aliyesuka juzi, watoto watatu wenye viatu vya kanisani. Wanaingia saa kumi na nusu, na kwa kuwa rafiki wa baba ameshawashikia nafasi, wanakaa meza ya pili kutoka jukwaani. Soda tatu, bia mbili, nusu kilo ya mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari. Bendi inaanza taratibu, kwa wimbo wa zamani wenye saksafoni ndefu, na kwa dakika kumi hivi kila kitu ni kizuri.

Kisha gitaa la solo linachangamka, rapa anashika maikrofoni na fundi mitambo anapandisha sauti. Mtoto wa mwisho, wa miaka minne hivi, anaziba masikio kwa viganja viwili. Baba anacheka. Mama hacheki.

Hapa ndipo uagizaji wa vinywaji unapogeuka mchezo wa kubahatisha. Mteja wa meza ya jirani anapaza sauti kumwambia mhudumu, "Dada, Kilimanjaro baridi!" Linakuja chupa la maji. Jina ni lilelile, maji na bia, na katikati ya sebene hakuna anayesikia maelezo ya ziada. Mwingine ameagiza mbili baridi na moja ya moto, zimekuja tatu za moto, zimeshafunguliwa. Anazikataa, na kwa upande wake ana haki.

Kwa mhudumu si jambo la kucheka. Hapa, kama katika baa nyingi za mjini, mhudumu hulipia kinywaji kaunta kwanza, kisha hukusanya fedha kwa wateja. Chupa iliyofunguliwa kaunta haiipokei tena. Kila agizo lililosikika vibaya linatoka mfukoni mwake, na mteja anayeondoka bila kulipa wakati wa msongamano anamwachia deni. Ndiyo maana wazoefu hawafungui chupa mpaka wameiinua mbele ya macho ya mwagizaji na kumwona ametikisa kichwa. Wanasoma midomo na kuhesabu vidole. Mmoja wao, ambaye hutumikia upande wa jukwaani, huzunguka na kopo dogo la vizibo vya kila meza, ili mzozo wa bili ukitokea vizibo vihesabiwe. Mteja aliyelewa hubisha sana maneno. Vizibo vikimwagwa mezani, hupoa.

Mhudumu huyo ana miaka sita katika kazi hii. Anasema kelele za bendi alishazizoea, neno ambalo madaktari wa masikio hawapendi kulisikia, kwa sababu sikio halizoei, hupungua nguvu. Akirudi nyumbani usiku husikia mluzi mwembamba masikioni, na mwanawe humuuliza, "Mama, mbona unaongea kwa kupiga kelele?" Yeye hujiona anaongea kawaida tu.

Kanuni inayotumika sana katika afya ya kazini ni rahisi kuikumbuka. Sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na ukiendelea hivyo hadi desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Muziki wa bendi kwa mtu aliye karibu na spika unaweza kufika hapo na kupita. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Mluzi wa usiku wa Jumapili unaokwisha Jumatatu asubuhi ni onyo. Usipokwisha, habari ni nyingine.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio na wateja wapate vizibo vya masikio. Katika baa hii vizibo vilivyopo ni vya chupa. Ila sehemu tulivu ipo, ingawa hakuna aliyeipanga. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli sita. Anayetoka mita nne hadi mita nane amepunguza sita, na akifika mita 16 amepunguza nyingine sita. Kwa kanuni ile ya nusu, dakika 15 za mbele zinakuwa saa nne chini ya mwembe wa mwisho. Wenyeji hawajapiga hesabu hiyo, lakini ndipo walipokaa.

Chini ya mwembe huo yupo mzee mmoja mstaafu wa bandari na mkewe. Huja kila Jumapili bendi hii inapopiga, wanaagiza bia moja na soda moja, nao huinuka kucheza mara mbili tu, nyimbo zote mbili za polepole. Mama wa watoto watatu anawafuata akiwa amembeba yule mdogo.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mnaturuhusu tukae hapa na watoto? Kule mbele hakukaliki."

"Marahaba mwanangu. Vuteni viti, nafasi ipo," anajibu mzee, huku mkewe akisogeza pochi yake na kumpa mtoto kipande cha ndizi bila kuuliza.

Baba anabaki mbele na rafiki yake. Kwa saa nzima familia ina meza mbili.

Mzee ni mtu wa mazungumzo, na huku nyuma mazungumzo yanawezekana. Anawaeleza watoto kuwa muziki huu wa dansi baa ndiyo nyumba yake tangu zamani. DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupendwa kwa mtindo wake wa Sikinde, jina lake lilitokana na baa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadili majina kadri chama kilivyobadilika, Juwata, kisha OTTU, hadi leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mashabiki wa Msondo na Sikinde walikuwa na ushindani kama wa Simba na Yanga, na mzee mwenyewe, akiulizwa na mtoto alikuwa upande gani, anamtazama mkewe kwanza. Inaonekana ndoa hii ilivuka mpaka.

Anakumbuka pia bugi, dansi la mchana la vijana, ambako soda ilikuwa nyingi kuliko bia na mtu alitakiwa kuwa nyumbani kabla ya giza. Hakuna anayemuuliza kama kila kijana alirudi kweli kabla ya giza.

Bendi inapopumzika, mtoto mkubwa, wa kiume wa miaka 11 hivi, anaomba ruhusa akaangalie lile "bomba la dhahabu". Mzee anampeleka. Mpuliza saksafoni, aliyelowa jasho mpaka mgongoni, anamwonyesha vitufe na kumwachia abonyeze kimoja. Mtoto anarudi akikimbia kumhadithia mama. Saksafoni aliyokuwa ameiona mpaka siku hiyo ni ya kwenye simu tu, maana shuleni kwao hakuna hata filimbi.

Na hapo ndipo jambo linakuwa gumu kuliko makala nyingi za afya zinavyopenda kukiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye baa asiruhusu mtoto kuingia, na inakataza kumuuzia mtoto kilevi. Kwa sheria hiyo, puto lile, viatu vile vya kanisani na kibao cha getini havipaswi kuwepo katika ua unaouza bia. Sababu za sheria zinaonekana kwa macho hapahapa. Mtoto anaokota chupa yenye masalio. Mlevi anamshika mtoto asiye wake shavu na kumwambia amchezee. Binti wa miaka 13 anatumwa kaunta na baba yake akaongeze bia, naye anapita katikati ya wanaume ambao hawakumbuki tena kushusha macho. Puto lenyewe liko mita chache kutoka spika ya kushoto, na watoto wanaruka hapo kwa saa mbili. Kati ya wote walio uani, wao ndio masikio yao yana miaka mingi zaidi ya kutumika.

Lakini familia hii ingekwenda wapi? Ufukweni ni nauli ya watu watano kwenda na kurudi. Uwanja uliokuwa mtaani kwao umejengwa fremu za maduka. Mama anasema baba hupatikana siku moja kwa wiki, na wasipomfuata baa wanaibaki naye Jumatatu alfajiri akitafuta soksi. Si jibu la kisheria, ila ndilo lililojaza meza zile.

Malalamiko ya kelele nayo yana upande wa nje ya ukuta. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilizifungia baa kadhaa nchini kwa kupiga kelele kupita kiwango. Tangu hapo, wateja wa hapa wanasema, spika zimegeuzwa zisiangalie nyumba za jirani. Sasa zinaangalia puto.

Saa kumi na mbili na nusu taa za rangi zinawashwa na sura ya ua inabadilika. Wanaokuja sasa ni wa usiku, vijana kwa makundi, harufu ya manukato ikishindana na moshi wa nyama. Wanaotunza wanapanda jukwaani na noti, wanazibandika kwenye kipaji cha mwimbaji, majina yao yanatajwa katikati ya wimbo, nao wanashuka wakitembea tofauti na walivyopanda. Rafiki wa baba ametajwa mara mbili. Ameagizia meza nzima raundi nyingine.

Baba anapokuja nyuma hatimaye, sauti imemkauka na chupa yake ni ya tatu. Ana pikipiki nje. Anasema atakula supu ya moto, itaitoa yote.

Supu haitoi kitu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia tano ina takriban gramu 20 za pombe, na ini huondoa kama gramu saba hadi kumi kwa saa, liwe limepewa supu, kahawa au maji ya kuoga. Kwa chupa tatu ni saa sita au zaidi. Mkewe hana hesabu hiyo, ana mkono tu, na ameunyoosha kuomba ufunguo.

"Wimbo mmoja tu, mama watoto."

"Ule wimbo mmoja wa saa ile ulishaisha."

Mzee anaingilia kwa upole, kwa haki ya umri: "Mwanangu, pikipiki hulala hapa. Mlinzi namfahamu. Na sisi tunaondoka sasa, tutafute bajaji mbili." Baba anamtazama mzee, anatazama jukwaa, anaweka ufunguo mezani. Labda angembishia mkewe. Mzee aliyemlishia mtoto ndizi hakuweza kumbishia.

Mhudumu anakuja na kopo la vizibo. Anavimwaga mezani, vinahesabiwa, bili ni sawasawa. Mama anamwongezea kidogo na kumwambia asante. Mhudumu anainama, anageuza sikio la kulia, anamwomba arudie.